Sikio na Helikopta Yake

Waliomjua mume wangu kazini hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Sikio. Alikuwa mwendesha msumeno mkubwa katika kiwanda cha mbao, na mimi nilikuwa napika chai ya wafanyakazi palepale, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Mashine ikinguruma wenzake wote waliziba masikio kwa pamba. Yeye hakuziba. Alisimama akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka mbali, kisha akasema mkanda umelegea, au jino moja la msumeno limekatika. Wakizima mashine wanakuta ni kweli.

Nilimpenda kwa sikio hilo kabla hata sijaizoea sura yake, wala sikuficha. Dada zangu waliponiuliza huyu mtu ana nini, niliwajibu ana sikio. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikaolewa, na mtaa mzima nimeutangazia sikio la mume wangu mpaka watu wakawa wakiniona naanza wanaaga.

Alipostaafu aligeuka kama kabati. Alikaa pale alipowekwa. Akichoka kukaa anafungua vitasa vya milango ambavyo havikuwa vibovu. Ndipo mkwe wetu, mume wa binti yetu mkubwa, alipomletea helikopta ya rimoti iliyokwisha kutumika, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Si ya mtoto kuchezea ile. Ina mapanga mawili juu yanayoweza kukukata, mota ya betri, na rimoti yenye kioo kidogo kilichojaa mistari.

Alinieleza mezani kwa kutumia kisu na kijiko, nami nilielewa. Nisidharauliwe kwa kuwa niliishia shule ya msingi. Helikopta ya namna ile haipandi kwa kuongeza tu kasi ya mapanga. Kasi inatakiwa ibaki ileile. Kinachoinyanyua ni mapanga yenyewe kuinamishwa ubavu, yakaukata upepo kwa nguvu zaidi. Sasa yakikata zaidi yanailemea mota, sawa na msumeno unapoingia kwenye gogo bichi. Kwa hiyo kila unaposukuma kijiti cha rimoti, mapanga yanainama, na mota nayo lazima iongezewe nguvu kwa kiasi chake. Kwenye kioo kuna mstari wa mapanga na mstari wa mota. Kila mmoja una nukta tano, tangu kijiti kiwe chini mpaka kifike juu, na kila nukta unaipandisha au kuishusha mwenyewe mpaka mistari hiyo ielewane.

Nikamuuliza atajuaje kama imeelewana. Akasema kwa mlio. Mlio ukizama, mota imelemewa. Ukiwa mkali, nguvu imezidi. Kijiti kikipanda na mlio ukabaki palepale, umepata.

Nikasema moyoni, hiyo kazi imemfuata mwenyewe.

Lakini akawa haifanyi nyumbani. Jirani yetu wa nyumba ya pili ni mshonaji, mjane, mwanamke mrefu ambaye kicheko chake kinafika kabla yake. Mume wangu alikwenda kumtengenezea cherehani, na tangu hapo kila alasiri nikawa namwona anapita na helikopta kwapani, mshonaji naye anafunga duka, wanafuatana kwenda uwanja wa mpira. Gauni langu lilikuwa kwake. Aliniambia hana nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Nafasi ya kusimama uwanjani na mume wa mtu anayo.

Nilimwambia mume wangu nitafuatana naye. Akasema jua kali, nitaumia miguu. Miguu yangu haina ubaya wowote. Siku nyingine alikuwa kainamia buti zake anafungua kamba, nikamuuliza, kwa upole kabisa, huyo mama anajua nini kuhusu mota. Akajibu, "Ndiyo, mama." Nikamuuliza kama anampenda. "Ndiyo, mama." Nilikaa kitandani nikimtazama. Mtu ananijibu hivyo huku anavua buti!

Kesho yake niliwaacha watangulie, nikajifunga kitambaa kichwani, nikawafuata.

Niliwakuta katikati ya uwanja. Mume wangu alinipa mgongo. Helikopta ilikuwa imesimama hewani usawa wa magoti, mbali naye kidogo, na ng'ambo yake mshonaji amesimama akimtazama, kanyoosha mkono mmoja mbele, kiganja chini. Kiganja kilikuwa kimetulia. Kisha kikashuka polepole. Mume wangu akaitua helikopta, akabonyeza rimoti, akairusha tena. Mara hii kiganja kikapanda. Na yeye macho yake hayakuwa kwenye helikopta. Yalikuwa kwenye ule mkono. Mume wangu hajawahi kuutazama mkono wangu hivyo, hata siku nilipouunguza kwa chai.

Nikasogea nyuma yake nikamwita, baba watoto. Kimya. Nikasogea zaidi nikamwambia nyumba inaungua. Anabonyeza rimoti yake tu. Basi nikasema neno ambalo sitaliandika hapa, maana wajukuu wanasoma. Mshonaji akaziba mdomo. Mume wangu alipouona uso wa mshonaji ndipo akageuka, akanikuta, na helikopta ikaanguka ubavu kwenye nyasi.

Mshonaji akaja mbio. "Dada, usimgombeze. Hasikii. Mlio ule hausikii kabisa, na maneno mpaka auone mdomo wako." Kisha akaongeza, "Aliniomba nisikwambie."

Angeniambia wamekumbatiana ningejua la kufanya, kucha ninazo. Lakini siri ya mume wangu kukaa mdomoni mwa mwanamke mwingine, akaamka nayo, akashona nayo, akacheka nayo, na mimi ninayemfulia shati sinayo, hilo lilinikata maini.

Nikasimama mbele ya mume wangu, uso kwa uso. "Yeye umemwambia. Mimi nina nini?"

Akaitazama rimoti. "Sikumwambia, alinifuma. Cherehani yake ilikuwa inalia, nikamwambia imepona. Akanicheka." Halafu akasema taratibu, "Wewe uliolewa na Sikio. Nikikwambia limekufa, nyumbani nitakuwa nani?"

Nilikuwa nazihesabu upya zile "ndiyo, mama" zake zote. Miaka nimejisifu kwa majirani kwamba nina mume asiyebishana.

Nikamgeukia mshonaji. "Jirani, asante. Sasa nipishe hapo."

"Unaweza kuisikiliza mota, dada?"

"Kiwandani pale nilisikiliza kila alichosikiliza yeye. Wewe ulikuwa wapi?"

Akacheka, lakini alipisha.

Nikasimama pale aliposimama, nikanyoosha mkono. Mapanga yakazunguka, helikopta ikanyanyuka, mlio ukawa sawa. Akaendelea kusukuma kijiti. Kilipopita katikati nikasikia unazama, kama msumeno unapokutana na fundo la mti. Nikashusha kiganja. Akaitua, akaipandisha nukta ya nne ya mota. Ikaruka tena, na hapo ikapiga ukali wa kuumiza meno. Nikapandisha kiganja, akapunguza. Mara ya tatu ilipanda usawa wa kifua, ikapita kichwa, na mlio haukusogea. Mkono ulianza kuniuma bega, nikauacha palepale. Alikuwa anautazama, na hakupepesa.

Siku hizi naenda mimi. Nyumbani nikitaka kusema naye nazunguka kwanza nikae mbele yake, auone mdomo, na imegundulika kwamba ni mbishi sana.

Gauni langu lilikamilika. Limenibana mabega. Sijalirudisha likarekebishwe, nalivaa hivyohivyo, kwa sababu nikienda pale mshonaji ataniuliza helikopta inaendeleaje, na mimi sitaki aulize.