Bomu Lililofufuka Ukurasa wa 101

Saa mbili na robo asubuhi, mashine ya kuchapa inanguruma chumba cha pili na vikombe vya chai vinatikisika juu ya kabati. Mwanamke aliyejifunga kipande cha mpira kwenye kidole gumba anatembea kando ya meza ndefu, akiokota karatasi zilizokunjwa: mkunjo wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Anaigonga mezani ikae sawa, anamsogezea jirani yake, anarudi alikoanzia.

Kila mkunjo una kurasa kumi na sita. Mikunjo kumi na miwili ikishikana kwa gundi, hicho ni kitabu. Wanawake watatu wamegawana meza, na huyu, ambaye kiwanda kizima kinamwita Shangazi, ameshika katikati kwa miaka kumi na tisa.

"Katikati ya vitabu niulize mimi," anasema bila kusimama. "Mwanzo nilikuwa sijui. Mwisho ndiyo kabisa, nilisikia tu kwa watu."

Hata hiyo katikati hakupaswa kuijua. Ukutani, juu ya meza, msimamizi alibandika bango siku nyingi: HESABU, USISOME. Kazi ni kutazama namba ya ukurasa, basi. Na kwa kuwa mezani wanalipwa kwa idadi ya vitabu, kila sentensi aliyoiiba ilimpunguzia ujira wake mwenyewe.

"Nilikuwa naiba mistari miwili mitatu," anakiri, akicheka. "Macho yana tamaa jamani!"

Nyumbani alikuwapo wa kugawana naye wizi huo. Mama yake, mwenye miaka themanini na moja na macho yaliyoingia ukungu, aliketi kitandani kila jioni akisimuliwa kilichookotwa siku hiyo. Mwisho wa hadithi bibi aliutunga mwenyewe. Bibi huyu hana makuu: karibu kila mhusika alimwozesha.

Mwaka jana kikaja kitabu cha wapelelezi. Mwandishi wake, karani mstaafu wa posta, hakuwahi kutoa kitabu kabla ya hapo. Wapelelezi wawili, mwanamke na mwanamume, wanakimbizana na saa ili magaidi wasilipue stesheni, soko na tangi la maji la mji. Nakala elfu mbili, uzinduzi siku tatu mbele.

Asubuhi mikunjo yake ilipofika mezani, Shangazi hakuiba mistari. Aliiba kurasa nzima. Ukurasa wa 83, mpelelezi mwanamke, jasho likimtiririka, akakata waya na bomu la tangi la maji likanyamaza. Shangazi akashusha pumzi kwa nguvu hadi jirani yake akamuuliza kama anaumwa. Ukurasa wa 101, wapelelezi walewale wanakuna vichwa: bomu la tangi liko wapi?

"Nikarudi nyuma, nikasoma tena. Nikasema, hili si limeteguliwa nikiliona? Limefufuka lini?"

Namba za kurasa hazikuwa na kasoro. Aliyepanga maandishi kwenye kompyuta alibadilishanisha sura mbili, na namba zikafuata tu. Waliohesabu wote walihesabu vizuri. Na gundi ilikuwa tayari inapashwa moto.

Akisema, itabidi aeleze amejuaje. Alikuwa ameshaonywa mara mbili kwa kusoma kazini, na onyo la tatu ni kufungasha virago.

"Lakini yule mzee wa posta alikuja juzi yake kuiona mashine," anasema. "Alizigusa zile karatasi kama anagusa mtoto mchanga. Nikasema, basi, kama ni kujikaanga, nijikaange."

Akapiga moyo konde, akapaza sauti: "Zimeni gundi!"

"Kuna nini?" msimamizi akauliza.

"Bomu linateguliwa kabla halijatafutwa."

"Umejuaje?"

"Nimesoma."

Msimamizi akauchukua mkunjo, akaanza kusoma kwa kusimama. Halafu akavuta kiti.

"Tulimngoja nusu saa," anasimulia jirani wa mezani. "Ikabidi nimguse bega. Ukurasa wa 101 alishaupita kitambo, anasonga mbele tu na hadithi!"

Mikunjo miwili ikachapwa upya, na uzinduzi haukuahirishwa. Mzee wa posta alifika kiwandani, akamshika Shangazi mikono yote miwili.

Bango bado lipo. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: "isipokuwa Shangazi." Sasa kila kitabu kipya hupita kwake kabla ya gundi, mwanzo hadi mwisho, naye hulipwa siku hiyo kwa kusoma.

Nakala ya kwanza ya wapelelezi alipewa yeye. Alimsomea mama yake kwa wiki mbili, hadi bomu la mwisho likazimwa na wapelelezi wakaagana stesheni, kila mmoja na njia yake.

"Hawakuoana?" bibi akauliza.

"Hawakuoana, mama."

"Huyo mzee wa posta angeniuliza kwanza."

Shangazi ana daftari lenye majina ya vitabu 214 anavyovijua katikati tu. Kila Jumamosi huenda maktaba kuvitafuta. Amepata tisa, na anataka kuvimaliza vyote mama yake angali anasikia vizuri. Jumamosi hii ni zamu ya kitabu cha daktari, kwa amri ya bibi mwenyewe.

"Yule daktari nilimwozesha binti wa duka la dawa, miaka sita sasa," bibi anasema, akijifunika shuka miguuni. "Sina raha. Nataka kujua kama yule binti nilimpa mume au nilimpa mwizi."