Glasi ya Asukulu

Harufu ya lutuku, ile pombe kali ya muhogo na mahindi, ikinipiga puani mwezi wa Noeli, siku yangu imeharibika. Msinicheke. Nimelelewa ndani ya harufu hiyo. Mama yangu alikuwa na nganda hapa Baraka, kilabu cha meza mbili chini ya mabati, na pombe hiyo ndiyo iliyotulisha wakati baba alikuwa Misisi akichimba dhahabu.

Kila Noeli, tukishatoka kanisani, wachimbaji walioshuka kutoka Misisi walijaa kwetu. Walikuwa na wimbo wao. Sauti yake waliichukua kwa kwaya, maneno wakatunga wenyewe, na katekista akipita alikunja uso. Kila ubeti ulikuwa na jina la mtu, ukimwomba mama amwekee huyo glasi. Mama aliijaza, akaiweka mezani, wala hakuna aliyeigusa. Majina yaliongezeka mwaka hadi mwaka. Mimi niliona ni heshima kubwa, nikamwuliza baba mbona yeye hawamwimbi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mutoto wangu, usikuwe na haraka."

Noeli iliyofuata nilivaa gauni jipya, nikamngoja baba aje alione. Wenzake walifika bila yeye. Waliketi, kofia magotini.

"Na Baba Riziki iko wapi?" mama aliwauliza.

Mzee wao alianza wimbo polepole, wengine wakaitikia, na ubeti wa mwisho ukawa huu: "Noeli imefika, Mama Riziki, umuwekee Asukulu glasi."

Asukulu ni baba! Niliruka, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

"Mama! Na baba bamemutia mu wimbo!"

Mama alijaza glasi, pombe ikimmwagikia mikononi. Akaiweka mezani, akaifunika kwa kisahani nzi wasiingie. Kisha akaketi chini kwenye udongo, akapiga yowe.

Kwamba shimo lilimfukia baba, nilielezwa siku ile ile. Lakini ilinibidi nizeeke kidogo ndipo niwaonee huruma wanaume wale. Njia nzima kutoka Misisi walikuwa na neno moja la kumwambia mama, na kila mmoja alimwachia mwenzake. Kusema kuliwashinda, wakaimba.

Wimbo bado uko. Sasa unapigwa kwenye manganda yenye spika kubwa, na vijana wanaucheza. Jina la baba wanalipenda kuliko mengine yote, wakilifikia wanagonga chupa na kupiga kelele. Glasi hakuna anayeiweka.