Nyayo za Tembo Saa Sita Mchana

"Dada, hapa mimi naona nyayo za ng'ombe tu," yule bwana wa kamera aliniambia, na hapo hapo uvumilivu ukaniishia. Nilikuwa nimesimama ndani ya unyayo mpana kama sinia, mtoto mgongoni, mahindi yangu yote yamelala chini. Ng'ombe! Nikamwambia aondoe kivuli chake juu ya ushahidi wangu.

Alikuwa ametumwa na wilaya kupiga picha za mashamba yaliyoharibiwa na wanyamapori, ziambatane na ripoti ya fidia. Tulimsubiri tangu asubuhi. Akaja saa sita, jua limekaa utosini, na kamera yenye mdomo mrefu kuliko akili yake. Saa hiyo unyayo hauna kivuli, ardhi yote inang'aa sawasawa. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera yake mwenyewe: udongo mweupe, mabua, basi.

"Kamera hii ni ya bei, dada."

Ya bei, kaka, lakini anayeishika hajui asimame wapi.

Mimi sikusomea picha. Nina cheti cha kidato cha nne, nimezaliwa Susuni kule Tarime, nikaolewa huku Serengeti pembeni ya hifadhi. Kabla ya mtoto nilifua mashuka kwenye kambi ya watalii. Huko niliona wageni wanatoka kitandani kabla ya chai ili wapige picha jua likiwa bado chini, halafu mchana wanalala. Nikaiga kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Mwanga ukitokea ubavuni, kila kitu kinapata umbo, iwe nyasi au shimo. Ukitokea juu, mtu anakuwa na matundu meusi badala ya macho. Mtoto wangu nampigia picha mlangoni, uso ameugeuzia nje, mwili uko kivulini. Jambo la mama wa nyumbani, na linamshinda mtu aliyevaa kizibao cha mifuko kumi!

Ripoti ikatoka: mifugo. Mifugo ya nani? Ya baba mkwe, maana zizi lake limepakana na shamba, na jioni anayelifunga ni mimi. Akaniita mbele ya mawifi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti, siku ile zizi ulifunga?"

"Nilifunga."

"Mbona karatasi inasema hivi?"

Wifi mmoja akacheka. "Alikuwa anajipiga picha."

Kulipokucha nikaenda shambani. Mvua haikuwa imerudi, tope lilikuwa limekauka na nyayo ndani yake. Nikachuchumaa, jua likiwa ubavuni, nikaishusha simu karibu na ardhi. Unyayo ukajitokeza wote, ukingo, mipasuko ya ngozi, hata kucha. Nikaweka kandambili yangu pembeni, ukubwa ujulikane.

Baba mkwe alizitazama zile picha muda mrefu. Kisha akamtuma wifi yule yule alete kalamu.

Barua niliipeleka mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, akaigonga muhuri nikiona:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU PICHA ZA SHAMBA LANGU. Shamba langu limeandikwa kuwa liliharibiwa na mifugo kwa sababu ya picha zilizopigwa saa sita mchana, na mpigaji hakuchuchumaa hata mara moja. Naambatanisha picha tatu za asubuhi. Naomba taarifa hiyo ifutwe, iandikwe tembo. Kama kuna shaka, aje mtu kukagua saa moja asubuhi, kabla mvua haijanyesha. Yule wa kwanza asiletwe tena shambani kwangu."