Mkono Ulioiponya Mashine

Majuzi walinitembelea mabinti watatu wa chuo cha ufundi, wamevaa ovaroli za buluu, na mmoja alikuwa na doa bichi la dizeli gotini. Kabla hawajakaa, harufu ilikuwa imeshajaa sebule nzima. Ni harufu nzito, inakaa kooni, na mimi ikinikuta sijajiandaa kiganja cha kulia kinaanza kuniwasha. Waliniuliza swali ninaloulizwa kila mara: bibi, uliingiaje kwenye mambo ya injini, mwanamke wa zamani zile? Nikawajibu ninavyojibu siku zote, kwamba baba yangu alinifundisha. Wakafurahi, wakaandika. Mmoja akasema nilikuwa na bahati kupata baba wa namna hiyo. Nikamwongezea chai.

Nyinyi nitawaambia na yale ambayo wao sikuwaambia.

Miaka ile ya hamsini, upande wetu wa Igowole ulikuwa na mashine moja tu ya kusaga mahindi, na ilikuwa mali ya Jumbe. Baba ndiye aliyeiendesha. Injini alijifunzia Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, akisimamia pampu za kutoa maji mashimoni, na kazi ilipopungua huko akarudi nyumbani na spana tatu na kikohozi. Kabla yake alikuwepo fundi mwingine, mtu wa Mbeya. Siku mkanda wa mashine ulipomkatikia, Jumbe hakuuliza maswali. Alimfukuza asubuhi hiyohiyo, na sisi watoto tukamsindikiza kwa nyimbo mpaka mtoni, yeye na godoro kichwani, mkewe nyuma analia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Watoto ni watu wabaya, na mimi nilikuwa mmojawapo.

Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Nadhani ndiyo maana, nilipokuwa nikimpelekea chakula, aliniacha nishike tambara, kisha spana, kisha akayapa masikio yangu kazi. "Sikiliza, Rozina," alikuwa akiniambia. "Inasema nini?" Nikimwambia inavuta pumzi fupi, anakwenda kukaza kitu, na kweli inatulia. Kila Jumamosi mchana, mashine ikishazimwa, tulikuwa na kazi yetu wawili. Kwa mvua na ukungu wa kwetu, maji hayakosi njia ya kuingia kwenye dizeli, na kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli hujikusanya chini ya tangi. Baba alifungua koki ndogo iliyo chini kabisa, mimi nikakinga kopo. Yalitoka maji kwanza, halafu dizeli safi. "Inatosha," nilisema mimi, naye akafunga. Neno hilo moja lilinipa kiburi kuliko chochote nilichowahi kupewa darasani. Duniani nilitaka kitu kimoja tu, niachwe niendelee kuingia kwenye kibanda kile cha mabati.

Lakini Jumbe alikuwa mjukuu wa wafua chuma. Babu zake, Wabena wa zamani, waliyeyusha mawe wakapata majembe, na tanuru lao lilikuwa na mwiko mkubwa: mwanamke aliyekwisha kuvunja ungo hasogei. Akisogea, chuma hakitoki, yanatoka mavi ya chuma tu. Tanuru la mwisho lilikuwa limezimwa kabla sijazaliwa, na majembe tulinunua dukani, lakini Jumbe hakutaka mwiko wa babu zake ubaki bila kazi. Akauhamishia kwenye injini. Chuma ni chuma, alisema. Kwa hiyo wanawake walipitisha vikapu vyao dirishani na unga wakaupokea dirishani, na hakuna aliyevuka mlango. Mimi nilivuka kwa sababu nilikuwa mtoto.

Mwaka nilipofikisha miaka kumi na mitatu, wakati wa masika, nikavunja ungo. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenifunda, na la kwanza aliloniambia lilikuwa hilo: kibandani basi. Baba naye alisikia. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kama kawaida, naye akaniacha nikaingia. Ila siku hiyo hatukufanya kazi yetu. Ilikuwa miezi ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, mianzi imejaa, na wenzake walikuwa wanampigia miluzi kutoka barabarani.

"Baba, maji," nilimkumbusha.

"Maji hayaendi popote. Tutayatoa Jumatatu."

Jumatatu akasahau. Mashine iliunguruma kama nusu saa, ikakohoa, ikafa. Foleni ya wanawake ilikuwa imefika njia panda, na mimi nilikuwa katikati yao na kikapu chetu. Baba alizungusha hendeli mpaka shati likamganda mgongoni. Jumbe akaja na koti lake refu, watu wakapisha.

"Fundi, hii imekuwa nini?"

Baba aliinamia tena hendeli. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu mwali tulimwona Jumamosi anatoka mle ndani."

"Kweli, fundi? Aliingia?"

"Aliingia," akasema baba. "Nilimkataza."

Mimi mjinga niliona baba amebanwa na nikataka kumsaidia. Nikatupa kikapu, nikapita kati ya watu mpaka ndani, na Jumbe mwenyewe akiwa mlangoni. "Ni maji tu, Jumbe! Yako chini ya tangi." Nikakinga kopo, nikafungua koki mbele ya macho yao. Yakatoka maji mengi, machafu, mpaka ikafika dizeli. "Inatosha," nikasema kwa mazoea, nikafunga. Nikamwambia baba azungushe.

Akazungusha. Mara moja, mara mbili, mara sita. Mashine kimya.

Watu wakasogea kuchungulia lile kopo. Kisha Jumbe akasema polepole, kama anayesoma barua, "Mmeona wenyewe. Chuma kimetoa maji." Wanawake wakashika midomo. Ushahidi dhidi yangu niliuleta mwenyewe, kwenye kopo.

Dawa ya mwiko ule waliijua wote. Mkono uliokosea ndio unaorudisha. Jumbe akamwita Shangazi kutoka kwenye foleni, akamruhusu kuvuka mlango kwa kazi hiyo tu; Shangazi akanishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi kwenye bomba la moshi, akalitemea mate kama mtu anayepima pasi. Mate yakachemka.

"Weka mkono hapa."

"Shangazi, nakuomba. Shangazi!"

"Weka. Ukiogopa leo, kesho hutarudi kibandani."

Alinibandika kiganja akahesabu hadi tano kwa Kibena, bila haraka, maana alikuwa mtu wa kufanya kazi yake vizuri. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimtafuta baba. Alikuwa ameinama upande wa pili wa injini, amenipa mgongo, spana mkononi. Nikaanguka kwenye vumbi la unga. Nilipokuwa bado nagaagaa pale, hendeli ikazunguka, na mashine ikaunguruma kama haijawahi kuugua.

Vigelegele vilivyopigwa! Hata mama yule aliyenisema alinishika bega nilipotoka, akaniambia pole, sasa umetakasika. Nami nitawaambia la aibu kuliko yote: niliamini. Maji niliyajua, nilikuwa nimeyatoa kwa mkono wangu na mashine haikuwaka. Mkono ukaungua, ikawaka. Nani angebishana na hilo? Nililala wiki nzima na kiganja kimevimba nikijiona mtu mchafu, nikimwonea huruma baba kwa kupata mtoto kama mimi.

Jumbe aliagiza nisikae karibu na mashine, kwa hiyo nikatolewa shule nikapelekwa Iringa mjini, misheni, kufua nguo za hospitali. Baba alinipandisha lori na kuniambia niwe mtii.

Misheni walikuwa na injini ya dizeli ya kuzalisha umeme, na mwenye nayo alikuwa Bruda mmoja mzee ambaye kelele za mitambo zilikuwa zimemla masikio. Mwaka mzima nilizunguka mbali na jengo lile nisije nikaidhuru. Hata ovaroli za Bruda nilizifua kwa mkono wa kushoto. Siku moja asubuhi, nikiwa naanika mashuka, nikaisikia inavuta pumzi fupi. Nilivumilia, nikashindwa. Nikaenda mpaka mlangoni nikapiga kelele kwamba injini inakaribia kuzima, naye akanitazama kama mtu aliyesalimiwa na mbuzi. Ikazima. Akanivuta ndani. Nikaficha mkono nyuma, nikamwambia mimi mwanamke, nitaiharibu. Hakusikia. Ndugu zangu, mimi niliingia kwenye ufundi kwa sababu mtu mmoja alihitaji masikio na hakuwa na yake ya kunisikia nikikataa.

Akafungua koki, maji yakatoka. Akazungusha, haikuwaka. Nilijua kinachofuata, na nilianza kulia hata kabla hajaniomba mkono. Yeye akaniwekea spana kwenye kiganja.

"Maji yakiingia, bomba linashika hewa," alipaza sauti. "Hewa ikikaa humo utazungusha mpaka kesho. Legeza ile nati karibu na pampu. Povu litoke. Kaza."

Nikalegeza, povu likatoka, nikakaza. Akazungusha mara moja, ikawaka.

Nilikaa sakafuni. Bruda alidhani nalia kwa furaha, akanipigia makofi. Mimi nilikuwa namwona baba ameinama na spana, upande wa pili wa injini. Mtu aliyelea pampu za Chunya miaka tisa hakukosa kujua habari ya hewa kwenye bomba. Alipozungusha mara sita mbele ya Jumbe alijua haitawaka. Ingewaka wakati ule, kosa lingekuwa maji, na maji yangekuwa ulanzi wa Jumamosi, na godoro lingekuwa kichwani kwake. Ilibidi ikatae kwanza. Akangoja nilie, watu wote wanitazame mimi, ndipo akalegeza nati.

Sikurudi kwenye mashuka tena. Nilifanya kazi ya mitambo hadi nilipostaafu, na wanaume niliowafundisha hawana idadi. Baba nilimuuliza mara moja tu, akiwa mzee, ameketi jikoni kwake Igowole anaota moto. Aliuchukua mkono wangu, akaugeuza akautazama vizuri, ngozi yake ilivyojikunja. Hakukana.

"Mikono ulikuwa nayo miwili, mwanangu," akasema. "Mimi kazi nilikuwa nayo moja."

Kisha akaniomba nimtazamie redio yake, ilikuwa imeanza kukoroma. Nikaifungua, nikaitengeneza.