Muhogo wa Njia Panda

Harufu ya muhogo unaoungua kidogo pembeni ndiyo utoto wangu. Mama aliuchoma pale Muheza, njia tatu zinapokutana: ya sokoni, ya stesheni na ya mashamba ya mkonge. Mwaka ule baba alikwenda kukata mkonge, masika yakaja yakapita bila salamu. Njia mbili zilimshinda fisi. Mama alikaa kwenye tatu, wala hazikumshinda. Kila mnunuzi, mama alimwuliza anatoka wapi, nani kaoa, mbuzi wa nani kapotea. Majirani wakamwita mbea. Mimi nikageuza muhogo, nikasikiliza.

Asubuhi moja akaja kijana wa mkonge, mdomo umejaa. "Mama, kambi ya mtoni kuna mzee homa imemlaza, kichwa hainui. Lakini mpe muhogo bila ndimu uone! Anafoka: hizi ni kuni!"

Mama akaacha kupepea. Mtu wa maneno hayo duniani alikuwa mmoja tu. Akajifunga khanga, akaniachia moto, akashika njia ya mashamba. Alirudi na baba nyuma ya baiskeli ya kuazima, amekonda kama ufito, lakini hai. Na anadai ndimu.

Leo niko Toronto, mtaa wa Parkdale. Shule niliiacha darasa la tatu, na kampuni yangu ya usafi nimeijenga kwa mikono hii. Mwenye digrii hanitishi. Majuzi nilimsimulia mjukuu wangu Zuhura habari za jirani wa ghorofa iliyo chini yetu aliyenunua mbwa. Akaniambia hayo ni "trivial".

"Ndiyo nini?"

"Mambo madogo, Bibi. Hayana maana."

"Nani kasema? Hilo neno limetoka wapi?"

Akatafuta kwenye simu, akasoma, akanitazama. Limetoka Kilatini: la mahali njia tatu zinapokutana, penye maneno ya kila mtu. Nikamsimulia habari ya baba yangu.

Humu kwenye lifti tunapanda na kushuka kama mizigo, kila mtu macho kwenye namba. Jana akaingia yule jirani na mbwa wake. Zuhura akachomoa vidude masikioni, akamwuliza mbwa anaitwaje. Kabla lifti haijafika chini tulishajua kuwa mkewe amelazwa, na yeye tangu juzi anakula mkate mkavu. Nikarudi juu kuwasha jiko. Muhogo wa huku ni wa barafu, lakini ndimu ninazo.