Siku ya Posho na Mzee wa Mgodini

Nilipochagua kusoma Kijapani, nyumbani Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, walidhani nimechanganyikiwa. Wenzangu wa chuo kikuu walikuwa wanakimbilia Kichina, maana makampuni ya Wachina ndiyo yenye kazi migodini. Baba aliacha kumega bukari, ugali wetu, akaniangalia.

"Sasa ile Kijapani, utaongea na nani huku?"

Nilikipenda tu tangu siku ya kwanza nilipomsikia mwalimu wetu akikisoma kwa sauti.

Darasani tulikuwa wachache, na kila mwaka mmoja wetu alijaribu bahati ya ufadhili wa kwenda kusoma lugha na utamaduni kulekule Japani. Mwaka wangu, niliupata. Mama alipokea habari hiyo shambani, katikati ya mahindi. Alilia, akajifuta macho kwa kitenge, kisha akauliza kama huko wanauza unga. Baba hakuuliza tena nitaongea na nani. Alizunguka mtaa mzima akiwaambia majirani.

Mji niliopelekwa ulikuwa mdogo, wa baridi kali. Masomo niliyaweza. Kilichonichosha ni kumaliza wiki nzima bila kucheka kwa lugha yangu. Mwalimu wangu wa huko, mama mmoja mpole, aliliona hilo. Akaniambia kuna mzee katika nyumba ya kutunzia wazee ambaye angefurahi kuniona. Ujanani alifanya kazi Kongo, kwenye mgodi wa shaba karibu na mpaka wa Zambia.

Nilijiandaa kwa Kijapani cha heshima. Nikainama, nikatoa salamu zote nilizofundishwa. Mzee alikuwa amekaa dirishani, blanketi magotini. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Yambo, mama. Unatoka wapi?"

Nilisahau kuinuka. "Lubumbashi, papa."

"Ah! Iko muzuri. Ikala, ikala."

Nikaketi, na machozi yakanitoka palepale.

"Unalia nini? Kuya siku ya posho, tutaongea."

Siku ya posho! Hivyo ndivyo babu zetu walivyoiita Jumamosi, siku ambayo kampuni iliwagawia wafanyakazi unga na samaki. Mimi na wenzangu tunasema samedi tu. Lugha ya babu yangu, aliyefanya kazi kwenye reli, nilikuwa naisikia kwa Mjapani, mbali na kwetu.

Basi kila siku ya posho nikawa naenda. Nikikosea Kijapani, alinikemea kama kapita anayesimamia kazi chini ya ardhi: "Hapana vile! Rudia!" Nami nilirudia, nikicheka. Kiswahili alifundishwa na rafiki yake mmoja wa mgodini.

"Yeye njo alinifundisha yote," aliniambia. "Matusi kwanza." Kisha akanisogelea. "Iko muzima? Unaweza kuuliza?"

Nilimpigia Mama, nikampa jina la rafiki huyo na la mgodi. Mama hawezi kuliacha jambo la namna hiyo. Aliuliza parokiani, akampata mama mmoja mwenye ndugu katika mji ule wa mgodi, na maneno yakasafiri mpaka yakafika. Rafiki alikuwa amekwisha kufariki, lakini mjane wake yupo. Mjane huyo akarekodi sauti yake, Mama akanitumia kwenye simu.

Jumamosi ile nilimwambia kwanza habari ya kifo. Mzee alitikisa kichwa. Ndipo nikamsikilizisha ile sauti.

"Yambo, Mujapani. Miye njo bibi yake. Bwana yangu alikucheka mpaka alizeeka. Unakumbuka siku ulikula vinkubala kwetu? Ulifunga macho, unatafuna, unasema iko muzuri, na machozi inatoka!"

Vinkubala ni viwavi waliokaushwa. Kwetu ni chakula cha kumheshimu mgeni. Mzee alicheka mpaka akakohoa na muuguzi akaja mbio. Kisha akavua miwani.

"Weka tena."

Tukasikiliza tena, na tena. Mwishowe akaisogelea simu, akamjibu yule mama mwenyewe:

"Ilikuwa mubaya! Mubaya sana! Lakini nilikula yote, kwa sababu yeye alikuwa rafiki yangu."

Mjane alipoipata sauti hiyo, Mama alinisimulia, aliwaita majirani wote waje wasikie.

Muda wa ufadhili ulipokwisha nilirudi nyumbani. Sasa ni mimi ninayefundisha lile darasa dogo, na kuwaandaa vijana kwa mahojiano ya ufadhili. Wananiuliza juu ya treni na theluji. Nawajibu, lakini ninachokikumbuka mimi ni chumba kile chenye joto, chai isiyo na sukari, na sauti ya mzee ikisema "ikala" kabla sijavua koti.

Msimu wa mvua uliopita mwalimu wangu wa kule alinipigia kuniambia kwamba mzee amefariki, usingizini. Nilikaa jikoni nikamwambia Mama. Akaenda parokiani kumwombea misa.

Jumapili, padri alipokuwa anasoma majina ya marehemu, alifika kwenye lile la Kijapani akakwama. Alijaribu, akakohoa, akajaribu tena. Mama akasimama katikati ya watu, akalitamka lote, vizuri kabisa. Wiki nzima alikuwa amejizoeza na mimi tukitwanga majani ya muhogo kwa ajili ya sombe. Padri akalirudia nyuma yake, polepole, na kanisa zima likaitika.