Chatu wa Mgeni Rasmi

Ukinikuta kwenye sherehe nimesimama wima na viti vitupu vipo tele, usinionee huruma, ni aibu niliyoipata machimboni kule Geita, na wanaonifahamu mpaka leo wananiita Mheshimiwa.

Nilikuwa nimedandia lori kutoka Shinyanga, nikapata kibarua cha kushusha miche ya Mama Tunu, afisa mazingira, aliyekuwa anahangaika kuwashawishi wachimbaji wahamishe bwawa lao la kuoshea dhahabu, maana tope lenye zebaki lilikuwa linateremka kuelekea kisima cha kijiji. Uamuzi ulikuwa siku hiyo, na wakikataa ndiyo basi, ofisini kwake walishamchoka. Akawaomba waende naye kisimani wakaone wenyewe. Mwenyekiti wao, Mzee Ngassa, akamjibu, "Afisa, na jua hili? Tuongelee hapahapa."

Wakabaki wanabishana, mimi miche nimeshamaliza, nikaona chini ya turubai kiti cha mgeni rasmi, ambaye alikuwa bado hajafika, kimefunikwa kitambaa cheupe. Sasa mimi (shule niliiacha darasa la sita, lakini udadisi uligoma kuniacha) nikajisemea ngoja nionje, hivi mgeni rasmi huwa anajisikiaje?

Sijakaa vizuri, ngoma zikalipuka, wacheza nyoka walioitwa kumpokea mgeni hao, na mzee wao akanivisha chatu shingoni kama shada la maua.

"Karibu sana, mgeni rasmi!"

"Shikamoo mzee, mimi ni wa miche tu!"

"Marahaba! Mnamsikia? Kiongozi mnyenyekevu huyu!" Makofi.

Chatu akanibana kidogo. Nikatoka mbio, kitambaa kimenasa kwenye mkanda, nikatumbukia bwawani, nikaibuka wa kijivu mwili mzima, nikafuata mfereji wa tope kuteremka, mzee wa nyoka nyuma yangu analia, "Usimtupe mwanangu!" na wachimbaji wote nyuma yake wanacheka, mpaka nikaanguka kisimani katikati ya ndoo za akina mama.

Kicheko kikakatika. Mfereji nao ulikuwa umeishia palepale.

Mke wa Mzee Ngassa akashusha ndoo yake. "Baba Shija, hata chai yako ya asubuhi ni ya maji haya."

Mama Tunu akafika anahema, akanivua yule chatu kwa mikono yake. "Ahsante, Mheshimiwa. Mimi nimeshindwa kuwafikisha hapa mwaka mzima."

Bwawa likahamishwa, Mama Tunu akapandishwa cheo, mimi nikabaki na jina. Nasikia kila semina anakisimulia kisa hiki, na mimi sina kinyongo. Ila kiti chenye kitambaa sikikalii tena. Hata harusi yangu nitaifunga nimesimama wima.